Ndugu akiugua akili: milango ya kugonga na haki za kudai, Mbeya hadi Iringa

Mwanjelwa, Mafinga au Makambako, mtu akianza kuongea peke yake au kutoka mbio usiku, ushauri wa kwanza mtakaopewa na majirani ni mmoja: "Mpelekeni Mirembe." Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma, na ipo tangu miaka ya 1920, enzi za Waingereza. Jina lake limekua hadi familia za huku Nyanda za Juu Kusini zinaanza kuchangishana nauli kabla ya kuuliza hospitali ya wilaya yao. Nauli ikikosekana, wanakaa. Mgonjwa anafungiwa chumba cha uani, mavuno yanapita, mvua zinaanza tena, na bado hajaonwa na tabibu hata mmoja.

Wagonjwa wengi hawahitaji Dodoma. Wanahitaji kituo cha karibu, tarehe ya kurudi, na ndugu anayejua aseme nini kwa nani. Mwongozo huu ni wa huyo ndugu, na ni wa mgonjwa mwenyewe pia, kwa sababu wengi wanaougua akili wanasoma, wanaelewa na wanaweza kwenda kliniki kwa miguu yao.

Hatua ya 1: Pima kama jambo linasubiri

Yapo yasiyosubiri Jumatatu. Mtu anayesema anataka kujiua au ameshajaribu. Anayetishia kuumiza wengine, hasa watoto. Aliyeacha kula na kunywa. Mwenye kifafa ambaye degedege limepita dakika 5, au linarudi kabla fahamu hazijamrudia. Mama aliyejifungua karibuni akaanza kukosa usingizi kabisa, kuweweseka, au kusema mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Mtu yeyote aliyechanganyikiwa ghafla huku ana homa.

Ongeza mnywaji mkubwa aliyeacha pombe ghafla. Huyu anadharauliwa sana kwenye vijiji vya ulanzi na komoni. Siku ya pili au ya tatu anatetemeka, jasho linamtoka, anaona vitu ambavyo wenzake hawavioni, na wazee wanasema "pombe inamtoka, mwacheni alale." Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuingia kwenye degedege, na mtu anaweza kufa. Huyo ni wa hospitali usiku huohuo.

Kwa dharura, nenda kituo chochote chenye mhudumu wa zamu, hata kama hakina mtaalamu wa akili. Watamtuliza, wataangalia hali ya mwili, watatoa rufaa. Namba 199 ni ya Wizara ya Afya na haitozwi. Namba 112 ni ya polisi. Waite polisi kama kuna silaha au hatari ya kweli, na wakifika waambie mapema, mbele ya mashahidi, kwamba mnayemshughulikia ni mgonjwa na anatakiwa hospitali, siyo mahabusu.

Kuhusu kujiua nitasema kwa kirefu kidogo, maana hapo ndipo familia hudanganya zaidi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na kwa hofu hiyo watu hufika mapokezi wakisema "amekunywa kwa bahati mbaya." Daktari anahitaji kujua alichomeza, kiasi gani na saa ngapi, kwa kuwa tiba ya sumu moja inaweza isifae kabisa kwa nyingine. Nenda na chupa au pakiti yenyewe. Nyumbani, dawa za shamba zifungiwe kwa kufuli, ikiwezekana kwa jirani, na vidonge vya mgonjwa vitunzwe na mtu mmoja. Halafu muulize ndugu yako waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpi wazo jipya. Wengi huwa wanangoja tu mtu wa kuwauliza.

Hatua ya 2: Andika kabla ya kutoka

Chukua daftari la shule la mtoto, kurasa mbili zinatosha. Andika mambo yalianza lini, yalianzaje, analala saa ngapi, anakula nini, anakunywa pombe au kuvuta bangi kiasi gani, amewahi kuanguka kifafa, amewahi kuumia kichwa, anatumia dawa zipi, na kama kwenye ukoo kuna mwingine aliyewahi kuugua hivyo. Tabibu ana foleni. Ukianza kusimulia ugomvi wa shamba wa mwaka juzi, dakika zake zitaisha kabla hujafika kwenye usingizi.

Beba kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura kama kipo, kadi ya bima, cheti chochote cha hospitali ya zamani, na dawa zote anazotumia, za hospitali na za mganga, kwenye mfuko mmoja. Usione haya kutoa zile za mganga. Nyingine zinagongana na dawa za hospitali, na tabibu akijua atapanga vizuri.

Njia ya kumwambia mgonjwa nayo ina maana. Mtindo wa kumdanganya kwamba mnakwenda harusini Tukuyu, kisha gari linakata kona kuingia hospitali, unafaulu mara moja tu. Baada ya hapo hatapanda gari lako tena, na kliniki ni ya kila mwezi. Bora aongee naye yule anayemheshimu, awe mjomba, shangazi au dada mkubwa, na aanzie kwenye shida ambayo mgonjwa mwenyewe anaikiri: "Kaka, usiku wa nne huu hujalala. Mimi nimechoka kukuona hivi. Twende wote wakakupe kitu cha usingizi, tukimaliza tunarudi pamoja." Watu wengi wanaokataa kwamba wana ugonjwa wa akili wanakubali kwamba hawalali.

Kumfunga kamba au mnyororo mtu aliyetulia, kwa kuogopa tu asije akakimbia, ni kosa dhidi yake. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha, na ibara ya 15 inataka mtu asifungwe wala kuzuiwa ila kwa utaratibu wa sheria. Akiwa na hatari kweli, mshikeni watu wazima wanne kwa mikono, bila kumpiga, hadi msaada ufike.

Hatua ya 3: Gonga mlango wa karibu

Ngazi za serikali ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ya kanda, kisha ya taifa. Mtu wa Kiwira anaanzia kituo cha kwao, na hospitali yake ya wilaya ni Makandana, Tukuyu. Wa Mufindi ana Mafinga. Mjini Iringa ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mbeya mjini zipo mbili na wageni huzichanganya kila siku: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda, inayopokea rufaa za mikoa yote ya huku. Mwambie bodaboda ni ipi, au usome barua yako ya rufaa kabla hujapanda.

Kuruka ngazi kuna gharama. Ukifika hospitali ya rufaa bila barua, bima inaweza kukataa kulipa. Kisha utaambiwa urudi ulikotoka, jambo ambalo linauma ukiwa umetoka Makete wakati wa masika.

Watu wachache wanajua kuhusu mratibu wa afya ya akili. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya huwa na mtu aliyepewa jukumu hilo, mara nyingi muuguzi aliyesomea fani ya akili, na ngazi ya mkoa pia. Huyu ndiye anayejua kliniki ya akili iko siku gani katika kituo kipi, dawa zipi zimefika, na nani aliyepo zamu. Fika, uliza jina la ofisi yake, omba namba ya simu ya kazini. Safari moja ya kuuliza inakuokoa nyingi za bure, kwani vituo vingi haviendeshi kliniki hii kila siku.

Mapokezi sema kwa sauti ya kawaida, kwa ufupi. "Habari za kazi, sista. Nimekuja na mdogo wangu. Ana wiki tatu halali, anasikia sauti za watu wasiokuwepo, na jana alitaka kupigana na baba. Naomba aonwe na mtu wa afya ya akili." Ukisema tu "ana mashetani" au "amechanganyikiwa", unaweza kupangwa kwenye foleni ya homa na mkakaa hadi saa tisa. Mgonjwa akishindwa kutulia kwenye foleni, mwendee muuguzi na umwambie. Wengi watampisha mbele.

Hatua ya 4: Chumbani kwa tabibu

Mgonjwa ana haki ya kuongea na tabibu bila ndugu kusikiliza. Ndugu wengi hawalipendi hili, na mama mkwe ndiye mgumu kuliko wote kutoka nje. Mtoke. Kijana anaweza kuwa na jambo la dawa za kulevya asiloweza kulisema mbele ya baba, na mke anaweza kuwa anapigwa na huyohuyo aliyemleta. Mkishatoka, mtaitwa mtoe maelezo yenu.

Bibi wa Ludewa au babu wa Ileje asiyejua Kiswahili vizuri aje na mkalimani anayemwamini. Dalili nyingi hupotea kwenye tafsiri ya haraka, na bibi aliyesema "moyo unaniuma" anaweza kuishia kupimwa presha tu wakati alikuwa anaongelea huzuni.

Msishangae vipimo vya mwili vikitangulia. Mtu wa Kyela, kule bondeni kando ya Ziwa Nyasa, akichanganyikiwa na homa, malaria lazima itafutwe kwanza. Sukari itapimwa. Mtaombwa pia kipimo cha VVU, na huku kwetu hilo lina sababu: utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 uliweka Njombe, Iringa na Mbeya juu kabisa katika maambukizi kwa watu wazima, Njombe ikiongoza. VVU visivyotibiwa vinaweza kuathiri ubongo. Kipimo kinafanywa kwa ridhaa, na majibu ni ya mgonjwa.

Kifafa kinatibiwa kliniki hiyohiyo ya akili, ingawa si wazimu wala hakiambukizwi kwa mate. Uwanda wetu una sababu yake moja ambayo watu hawapendi kuisikia kwa vile kitimoto ni kitamu: tegu wa nguruwe. Nyama yenye viluwiluwi ikiliwa haijaiva inampa mtu tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo yanatoka na kinyesi, na anayeyameza kwa maji, mboga au mikono michafu ndiye viluwiluwi vinaweza kumwingia ubongoni na kumletea kifafa ukubwani, hata kama hajawahi kuonja nguruwe. Nguruwe wanaozurura na vyoo visivyo na mfuniko vinauendesha mzunguko huu. Mtu mzima aliyeanza kuanguka ghafla, mwambieni tabibu kama kwenu kuna nguruwe.

Kabla ya kutoka chumbani, uliza: ugonjwa unaitwaje, dawa hii inaitwaje na ni ya nini, nitarajie nafuu baada ya muda gani, itaniletea nini kibaya, na narudi lini. Kuelezwa kwa lugha unayoielewa ni haki, na majibu yaandikwe kwenye daftari lako la kliniki. Daftari hilo ni mali ya kulindwa. Likilowa au kuliwa na panya, unaanza upya kila kituo.

Hatua ya 5: Fedha

Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na upewe risiti. Fedha inayopita mkononi bila karatasi haiko kwenye hesabu za hospitali, na TAKUKURU wana namba 113 isiyotozwa.

Kwa asiye na uwezo kuna msamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataja makundi yanayostahili, yakiwemo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo na wenye magonjwa sugu, na magonjwa ya akili yamo. Msamaha hauji wenyewe. Unakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na mtendaji, unapata barua yenye muhuri, kisha unaipeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Muulizie kwa cheo hicho. Karani wa dirishani hana mamlaka ya kusamehe, hivyo kugombana naye ni kupoteza asubuhi. Kwa mtendaji nenda na adabu na maelezo mafupi: "Shikamoo mheshimiwa. Naomba barua ya utambulisho kwa ajili ya msamaha wa matibabu ya kaka yangu, hospitali ni ya wilaya." Barua ya aina hii haipaswi kutaja ugonjwa. Inatosha ikisema ni mkazi na hana uwezo.

Wenye CHF iliyoboreshwa, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, wakumbuke kwamba kadi inafanya kazi kwa mfuatano wa rufaa, hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha mipango hii, kwa hiyo viwango vya sasa viulizwe kwa mwandikishaji wa kijijini kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Kukaa na dawa

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapotea, na mara nyingi kwa sababu ambazo wangeelezwa siku ya kwanza wangebaki.

Dawa za kutuliza sauti na mawazo ya kushukiwa, kama haloperido, klopromazini, olanzapini au risperidoni, huanza kumtuliza mtu ndani ya siku chache, ila sauti zenyewe zinaweza kuchukua wiki kadhaa kupungua. Za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kama fluoksetini na amitriptilini, zinahitaji wiki 2 hadi 4 au zaidi kabla mtu hajahisi tofauti. Familia inayotarajia dawa ifanye kazi kama panadoli inaacha siku ya tano na kutangaza kwamba hospitali imeshindwa.

Upande wa pili ni mgonjwa aliyepona akatupa vidonge. Kwa sonona, ushauri wa kitaalamu ni kuendelea miezi 9 hadi 12 baada ya kupata nafuu. Kwa ugonjwa wa kusikia sauti, walau mwaka mmoja baada ya dalili kuisha. Kwa kifafa, kupunguza dawa kunaanza kuzungumzwa mtu akimaliza miaka 2 bila kuanguka, tena polepole chini ya tabibu. Kuacha dawa za kifafa ghafla ni hatari ya papo kwa papo.

Madhara yapo na mgonjwa ana haki ya kuyalalamikia. Shingo kukakamaa, mikono kutetemeka, udenda kumtoka, kushindwa kutulia mahali pamoja, kunenepa, hamu ya tendo la ndoa kupungua: mengi yana dawa au yanapungua dozi ikibadilishwa. Hili la ndoa wanaume hawalisemi, wanaacha dawa kimyakimya. Semeni. Shingo au macho yakikakamaa ghafla, rudi kituoni siku hiyohiyo. Asiyeweza kumeza vidonge kila siku aulize kuhusu sindano ya mwezi.

Wanawake wana mambo mawili ya kuuliza mapema. Valproeti, wengine huiita Epilim, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo binti au mke anayeweza kushika mimba asianzishiwe bila mazungumzo hayo. Na kabamazepini, fenobabitoni na fenitoini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Anayetumia ARV, dawa za VVU, aseme pia: kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegravir, mojawapo ya ARV hizo, na kliniki zote mbili, ya akili na ya VVU (CTC), zinatakiwa kujua. Kuficha huku na kule kunamwumiza mgonjwa peke yake.

Dawa zikiisha hospitalini, usirudi mikono mitupu. Omba cheti cha dawa chenye jina na dozi, ukanunue famasi yenye mfamasia. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, yana orodha yao ya dawa wanazoruhusiwa kuuza, na dawa nyingi za akili si zao. Kama daktari ana mbadala uliopo stoo, uliza. Na mjulishe mratibu wa afya ya akili, kwa sababu upungufu usioandikwa hauagizwi.

Wanaotaka kuacha heroini, kliniki ya methadoni ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Hatua ya 7: Kulazwa, na lini kweli ni Mirembe

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua mtu anayelazwa kwa hiari yake na anayelazwa bila hiari. Wa kwanza anaomba, anasaini, anatibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Wa pili analazwa kwa masharti: uchunguzi wa kitabibu, maombi ya watu wanaotambuliwa na sheria, na mahakama kuhusika. Ukiambiwa ndugu yako analazwa kwa lazima, omba kuelezwa ni kwa utaratibu upi, nani ameagiza, na uamuzi utaangaliwa tena lini. Kuuliza hivyo hakumaanishi unapinga matibabu.

Ndani ya wodi haki zake haziishii getini. Kula, kuoga, kuvaa nguo zake, kutembelewa, kulindwa asipigwe wala kudhalilishwa, wanawake kulala mbali na wanaume, kuabudu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na ulemavu unaotokana na akili umo. Mtembeleeni. Mgonjwa anayetembelewa hutunzwa vizuri zaidi, nasema hivi bila kumsema vibaya muuguzi yeyote, ndivyo wodi zote zilivyo. Na msimtelekeze: wapo waliopona ambao wanabaki wodini kwa kuwa namba ya simu waliyoacha ndugu haipatikani.

Mirembe inafaa mgonjwa ambaye mkoa na kanda wamejaribu wakaona wanahitaji msaada, au kesi iliyopitia mahakamani, ambayo hupelekwa Isanga, kitengo cha hukohuko Dodoma. Mtakwenda na barua ya rufaa. Ombeni kabisa mpango wa kurudi: dawa atakazoendelea nazo, na kama zinapatikana wilayani kwenu. Mtu akiruhusiwa na dawa ambayo Njombe haipo, mwezi unaofuata mtakuwa mmerudi mwanzo.

Hatua ya 8: Mganga na maombi

Sitamkataza mtu kuombewa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 nayo inawatambua waganga waliosajiliwa. Kipimo changu ni rahisi: anayemwombea au kumwagulia ndugu yako akiruhusu aendelee na vidonge, asimfunge, asimnyime chakula, wala asimchape "kutoa pepo", mnaweza kuendelea kote kuwili. Akisema dawa za hospitali zitupwe, ondokeni naye siku hiyo.

Hatua ya 9: Kazi, shamba, siri

Mwajiriwa ana likizo ya ugonjwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari, na bosi hana haki ya kukisomea ofisi nzima. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu.

Siri ya mgonjwa inalindwa na ibara ya 16 ya Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kumrekodi mgonjwa akiwa hana nguo na kurusha video kwenye makundi ya simu ni kumvunjia haki hizo, hata kama anayerekodi ni shemeji yake.

Na shamba. Kuugua hakumwondolei mtu umiliki wa ekari zake za viazi au parachichi. Kikao cha ukoo hakina uwezo wa kugawa mali ya ndugu aliye hai. Kama kweli hawezi kusimamia mali kwa muda, anayetaka kusimamia anakwenda mahakamani kuomba, na anawajibika kutoa hesabu. Mkiona baba mdogo ameshaanza kuuza, fikeni kwa wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwaelekeza walipo.

Hatua ya 10: Kulalamika hadi usikike

Anza na mtu aliye karibu: muuguzi kiongozi wa wodi, kisha mganga mfawidhi wa kituo. Mambo mengi huishia hapo, hasa ukifika ukiwa umetulia na tarehe mkononi. Yasipoisha, andika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, halafu wa Mkoa. Kosa la kitaaluma la daktari linapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, la muuguzi linapelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kupigwa, kufungwa au kuzuiliwa isivyo halali kunaweza pia kupelekwa polisi, na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo haitozi ada.

Barua iwe ukurasa mmoja. Jina la mgonjwa na namba ya faili, tarehe na saa, kilichotokea, aliyekuwepo, na unachotaka kifanyike: dawa ibadilishwe, fedha irudishwe, uchunguzi ufanyike. Andika kile ulichokiona na ukitenganishe na ulichosimuliwa. Matusi yaache nyumbani hata kama wanastahili. Mgonjwa anayeweza kusaini asaini mwenyewe. Peleka nakala mbili masjala, moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, kisha uipige picha kwa simu kabla hujapanda bajaji ya kurudi.